Mkono wa Mwisho

Misigiri ni mahali ambapo wasafiri wengi hupita bila kushuka garini. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hadi Mwanza inapita katikati yake, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Malori ya Rwanda na Burundi hupunguza mwendo, mabasi husimama kidogo, na kabla mlango haujafunguka sawasawa madirisha yamekwishazungukwa na madumu ya mafuta ya alizeti, chupa za asali, vitunguu kwenye mifuko ya wavu na kuku waliofungwa miguu. Mbele yake barabara inateremka Mlima Sekenke kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, na kuna madereva wasiokubali kuzianza kona zile bila kwanza kunywa chai. Juu ya pilikapilika zote hizo yapo mawe. Yametokeza ardhini makubwa kuliko nyumba, mengine yamebebana mgongoni, mengine yamepasuka katikati na kuuacha mti ukue kwenye ufa. Mgeni huyatazama akashangaa. Mwenyeji huanika juu yake mtama na nguo.

Nyuma ya maduka, kando ya shamba la alizeti, lipo kaburi lililofunikwa vigae vyeupe. Nililiona nikiwa nangoja gari la Kiomboi, jua la saa kumi likilipiga ubavuni. Makaburi ya namna hiyo yako kila mahali nchini siku hizi, na huenda nisingeligeukia mara ya pili kama lingekuwa mjini. Lakini pale, katikati ya mawe ya kijivu na udongo mwekundu, weupe ule ulinishika. Watu wanaoishi juu ya mojawapo ya miamba mikongwe kuliko yote barani walichanga fedha, wakaenda dukani, wakanunua weupe kwa maboksi, wakaupakia garini na kuuleta hapa kwa ajili ya mtu wao mmoja. Nilisogea karibu. Kwenye kona ya miguuni vigae viwili havikukutana vizuri, na fundi alikuwa ameuziba mwanya kwa saruji nyeupe, kisha akaipitishia kidole ili isawazike. Mkwaruzo wa kidole bado upo, umeingia kidogo upande wa kushoto, hata mistari ya ngozi inaonekana. Kaburi lina jina la marehemu na tarehe zake mbili. Jina la fundi halipo, wala hakuna aliyetarajia liwepo. Kipo kidole chake tu.

Mkwaruzo ule ulinipeleka mbali sana, kwa Antonio Canova, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1757 katika kijiji cha Possagno, kaskazini-magharibi ya Venice, mahali ambapo tambarare inakutana na milima. Baba yake alifariki mtoto angali mdogo, mama akaolewa kwingine, naye akabaki kulelewa na babu yake, Pasino, aliyekuwa mchonga mawe. Hadithi hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Iramba, maana watoto wangapi hapa wamelelewa na babu na kujifunza kazi kwa kushika tu kile alichoshika yeye. Mjukuu wa Pasino alifika Roma akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kabla hajafikisha hamsini mapapa, wafalme na matajiri wa Ulaya yote walikuwa wanapanga foleni ya kuchongwa naye. Alimchonga Napoleon mwaka baada ya mwaka, mpaka ikatoka sanamu ya urefu wa mita tatu na zaidi inayomwonyesha mtawala yule uchi kama mungu wa vita wa Warumi. Napoleon alipoiona mwaka 1811 hakuipenda, akaamuru isionyeshwe kwa watu. Alipoanguka, serikali ya Uingereza iliinunua na kumpa Wellington, jemadari aliyemshinda kule Waterloo, naye akaiweka nyumbani kwake London chini ya ngazi, na hadi leo ipo palepale. Wahenga walikwishasema: aliye juu mngoje chini.

Zama za Canova zilikuwa zimelewa mambo ya kale. Miji ya Pompeii na Herculaneum, iliyofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, ilikuwa inafukuliwa, na kila kilichotoka ardhini kilionekana somo. Wasanii waliiacha mikogo ya baba zao wakarudi kwa Wagiriki na Warumi, wakitafuta utulivu, uwiano na mstari safi. Wataalamu wanauita mtindo huo uklasiki mamboleo. Weupe ulikuwa sehemu ya imani yao, lakini imani hiyo ilikuwa na kasoro kubwa, kwa sababu sanamu za Wagiriki zilipakwa rangi: nywele, midomo, mapindo ya nguo, vyote. Mvua, udongo na karne nyingi ndivyo vilivyoziosha. Winckelmann, mwanazuoni wa Kijerumani aliyewafundisha watu wa enzi zile jinsi ya kuzitazama sanamu za kale, alifika kuandika kwamba mwili unavyozidi kuwa mweupe ndivyo unavyozidi kupendeza, na maneno ya aina hiyo yalitoka kwenye majumba ya sanamu yakaenda kupima watu walio hai. Sisi tunajua yalikofika. Ndiyo maana siwezi kuipenda marumaru ya Canova bila kwanza kulisema hilo. Hata hivyo namtetea kwa jambo moja: yeye mwenyewe hakuridhika na weupe mtupu. Alizipaka baadhi ya sanamu zake nta na rangi hafifu ili jiwe lifanane na ngozi yenye damu ndani yake, na wakosoaji walimlaumu kwa hilo. Na weupe wa kaburi la Misigiri una ukoo mwingine kabisa. Ni weupe wa sanda, wa kanzu ya Ijumaa, wa gauni la kipaimara. Ni usafi ambao aliyebaki anamtakia aliyekwenda, na hakuna anayepimwa kwa huo.

Jiwe la hapa na jiwe la kule hayana undugu. Mwamba wa Iramba ni itale, ulipoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, wakati dunia haijawahi kuwa na mnyama wala jani. Marumaru ya Carrara, ambayo Canova aliipenda kuliko zote, ni mtoto mchanga mbele yake: ilianza kama tope la chokaa chini ya bahari yapata miaka milioni 200 iliyopita, kisha milima ilipobanana ikapikwa kwa joto na mgandamizo mpaka chembe zake zikaungana upya. Ni laini kiasi kwamba ncha ya kisu huikwaruza. Mwanga unaingia ndani yake kidogo kabla ya kurudi, na kurudi huko kwa kuchelewa ndiko kunakofanya shavu la jiwe lionekane la mtu aliyelala. Itale halina ukarimu huo. Mwanga unaligonga ukarudi papo hapo, na tindo linalipiga likaruka. Wamisri walilichonga, kwa uvumilivu wa kutisha. Huku Iramba jiwe lilichongwa kwa njia nyingine ambayo naiheshimu vilevile. Bibi zetu walisagia mtama na uwele juu yake, mama akamwachia binti, binti akamwachia mkaza mwana, mpaka jiwe likachimbika shimo la mviringo mrefu, laini kama ndani ya kiganja. Hakuna aliyekusudia umbo lile. Lilitoka kwa njaa za kila jioni na kwa uzito wa mabega, na ukilipitisha mkono unakuta halina hata chembe moja inayokwaruza.

Namna Canova alivyofanya kazi inafaa kusimuliwa taratibu. Kwanza alifinyanga wazo lake kwa udongo, sanamu ndogo ya haraka haraka, alama za vidole zikiwa zimetapakaa kote. Aliporidhika, ilijengwa nyingine ya udongo yenye ukubwa kamili juu ya kiunzi cha chuma. Udongo ukikauka hupasuka, kwa hiyo mafundi waliufunika kwa jasi, wakapata kalibu, wakamimina jasi nyingine ndani yake, na ikatoka nakala nyeupe isiyopasuka. Juu ya nakala hiyo walipigilia misumari midogo ya shaba, mingi mno: ncha ya pua, fundo la bega, chini ya titi, kila mkunjo wa shuka. Kila msumari ulikuwa kituo cha kipimo. Kwa timazi na bikari wasaidizi walipima umbali kutoka msumari hadi msumari, wakauhamishia kwenye bonge la marumaru, wakatoboa hadi kina kilichotakiwa, kisha wakaanza kuondoa kilichobaki katikati. Bandu bandu huisha gogo, lakini hapa gogo halikutakiwa kuisha. Mfinyanzi akikosea hubandika udongo akaanza upya. Mchonga jiwe akizidisha unene wa kucha, kilichobanduka kimepotea na hakirudi. Kwa miezi na miezi wanaume waliojaa vumbi hadi kwenye kope walilisogelea umbo kutoka nje, na Canova hakugusa. Alikuja mwishoni, zilipobaki milimita chache tu. Huo ndio walioubatiza jina la mkono wa mwisho. Alifanya kazi hiyo usiku, mshumaa ukiwekwa ubavuni mwa sanamu, kwa sababu mwanga wa pembeni hauruhusu kosa kujificha. Kila kinundu kinatoa kivuli chake. Alikwangua, akasugua, akazima mshumaa mmoja akawasha mwingine, mpaka goti likawa goti.

Ni hapo ndipo swali linaponikaba. Sanamu ni ya nani? Kidole kimoja hakivunji chawa, na karakana ile ya Roma ilikuwa na vidole vingi. Wachache tunawajua. Antonio d'Este aliisimamia kwa miaka mingi, na Adamo Tadolini, mwanafunzi wa Canova, aliacha ukoo wa wachongaji waliofuatana kwa vizazi vinne katika karakana moja. Waliobaki wamo ndani ya sanamu lakini hawamo kwenye kibao. Wengine watasema hiyo ni dhuluma. Mimi naona jambo zito zaidi kuliko dhuluma: kwamba uzuri tunaousifu kwa jina moja ulilindwa na watu wengi ambao kila mmoja angeweza kuuharibu kwa pigo moja, na hawakuuharibu. Wachongaji wetu wa Kimakonde wanaijua hofu hiyo kwa namna nyingine, maana wao hawana jasi wala misumari. Mtu anaukabili mpingo moja kwa moja kwa shoka dogo na patasi, na lile umbo analibeba kichwani tangu pigo la kwanza hadi la mwisho.

Kazi ya Canova inayonirudia zaidi nikifikiria makaburi iko Vienna, katika kanisa la Waaugustino. Ni kumbukumbu ya Maria Christina, binti wa malkia Maria Theresa, na mumewe ndiye aliyeiagiza. Ilikamilika mwaka 1805. Ni piramidi ya marumaru iliyoegemea ukuta, na katikati yake kuna mlango ulio wazi, giza tupu ndani. Watu wanapanda ngazi kuelekea mlango huo. Mbele yupo mwanamke aliyebeba chombo cha majivu, mabinti wawili pembeni yake, na nyuma mwanamke mwingine anamshika mkono mzee kipofu aliyejikunja, mtoto akiwafuata. Shuka limetandazwa juu ya ngazi, linatiririka kutoka mlangoni hadi chini. Hakuna anayelia kwa sauti. Hakuna malaika wa kupuliza tarumbeta wala mifupa ya kutishia, mambo ambayo wachongaji waliotangulia waliyapenda sana. Kuna watu wanaotembea tu, wa rika zote, vichwa vimeinama, kama tunavyotembea sisi tukitoka nyumbani kwa marehemu nyuma ya jeneza, kila mmoja na hatua yake, vikongwe wakishikwa mikono kwenye njia ya mawe. Na mlango ule hauendi popote. Mwili wa Maria Christina umezikwa kwingine, katika kaburi la ukoo wake kwenye kanisa la Wakapuchini, mtaa uleule. Canova alichonga mwendo wa waliobaki. Marehemu mwenyewe amebaki sura ndogo kwenye duara la jiwe, juu kabisa, mbali na mkono wa yeyote.

Watu huagiza marumaru wakiamini inadumu. Jimbo la North Carolina, Marekani, liliamini hivyo mwaka 1816 lilipotaka sanamu ya George Washington kwa ajili ya jengo lake la serikali mjini Raleigh. Thomas Jefferson alishauri kazi apewe Canova, na avalishwe Washington mavazi ya Kirumi. Sanamu ilivuka bahari ikafika mwaka 1821, ikasifiwa kuwa ndiyo kazi bora kuliko zote nchini humo. Tarehe 21 Juni 1831 jengo liliungua. Inaelezwa kuwa moto ulianzia kwa mafundi waliokuwa juu wakiunganisha zinki iliyokusudiwa kulikinga paa lisishike moto. Paa likaanguka juu ya Washington. Marumaru ikiungua hurudi kuwa chokaa, na sanamu ile ikabaki vipande visivyounganika. Lakini kule Possagno nakala yake ya jasi ilikuwa salama, misumari yake mwilini. Baada ya Canova kufariki mwaka 1822, ndugu yake wa mama mmoja, padri Giovanni Battista Sartori, aliifunga karakana ya Roma, akaisafirisha jasi yote hadi kijijini kwao, akaijengea ukumbi uliokamilika mwaka 1836. Jasi, kitu ambacho fundi hukitupa kazi ikiisha, ambacho ndoo moja ya maji hukiharibu, kilidumu pale ambapo jiwe lilishindwa, kwa kuwa alikuwepo mtu aliyeona kinastahili kutunzwa.

Kudumu huko hakukuwa kwa amani. Katika Vita Kuu ya Kwanza mstari wa mapigano ulifika kwenye milima iliyo juu ya Possagno, na Desemba 1917 mizinga ilipiga ukumbi ule. Sanamu zilikatika vichwa na mikono, nyingine zikasagika. Aliyekuwa mtunzaji wake, Stefano Serafin, na mwanawe Siro, waliokota vipande na kuviunganisha, mwaka baada ya mwaka, kazi ya kubandika pua kwenye nyuso. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baba yule na mwanawe walikuwa wanajenga ukuta mzima.

Vita hivyohivyo vilikuwa vimekwishapita Sekenke. Wajerumani walikuwa wamefungua mgodi wa dhahabu pale miaka ya kabla ya vita, na mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimeziba bahari na fedha zimekauka, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora na kufuliwa kuwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Upande mmoja wa sarafu hiyo amechongwa tembo, mkonga juu, Kilimanjaro nyuma yake. Ni kazi ndogo kuliko kisoda cha chupa na nzuri kweli. Miezi michache baadaye Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji. Leo sarafu hizo ziko katika makumbusho na makabati ya wakusanyaji wa ng'ambo, zinashikwa kwa glavu. Watu waliolipasua jiwe la Sekenke kwa nyundo na kulisaga hadi dhahabu ikatoka hawamo katika orodha yoyote ya mnada. Inaniuma kwamba kipande cha sanaa kilichotoka ardhi ya Iramba kinatunzwa vizuri hivyo na watu wasiojua hata Misigiri iko wapi, na mtoto wa Misigiri hajawahi kukiona hata kwenye picha.

Canova aliujua uchungu wa namna hiyo. Mwaka 1815, Napoleon alipokwishashindwa, Papa Pius wa Saba alimtuma Paris akazirudishe kazi za sanaa zilizoporwa Roma. Wafaransa walimpokea kwa matusi. Inasimuliwa kwamba walimdhihaki kuwa yeye si balozi, ni mfunga mizigo tu. Alifunga mizigo. Sanamu ya Laokoon na ile ya Apolo, zilizokuwa fahari ya Vatikani, zilirudi juu ya magari ya kukokotwa, zikavuka milima ya Alpi. Kutoka Paris alikwenda London kuziona sanamu za hekalu la Parthenon, ambazo Lord Elgin alikuwa amezing'oa Athens. Miaka kadhaa kabla ya hapo Elgin alimwomba azikarabati, azichongee pua na mikono iliyokosekana. Alikataa. Alisema itakuwa kufuru kwa mtu yeyote kuzigusa kwa patasi. Hakuna mtu Ulaya aliyeweza kuifanya kazi ile vizuri zaidi yake, na ndiye aliyeinyima mkono wake. Namheshimu kwa kukataa huko kuliko kwa sanamu zake nyingi, kwa sababu mkono uliozoea kusifiwa ni nadra kujua mahali pa kusimama. Naye alipokufa, watu waligawana mwili wake: moyo uliwekwa Venice, ndani ya piramidi ya marumaru waliyoichonga wanafunzi wake kwa mchoro wake mwenyewe, mwili ukarudi Possagno, na mkono wa kulia ukahifadhiwa kwenye chuo cha sanaa cha Venice, kama vile ufundi ungekuwa umebaki humo kwenye mifupa.

Ufundi haukai kwenye mifupa ya mkono uliokatwa. Nilisadiki hilo siku ileile ya kaburi la Misigiri, nilipotembea kuelekea upande wa mawe na kuwakuta akina mama wanaogonga kokoto. Wanaume huwasha moto juu ya mwamba, moto wa magogo na matairi, mpaka jiwe linapanuka na kupasuka tabaka kwa tabaka. Mabonge yanasukumwa chini, na hapo ndipo kazi ya akina mama inapoanza. Mmoja wao, mtu mzima wa makamo, aliketi juu ya gunia miguu imenyooka. Mkono wa kushoto alishika pete iliyokatwa kwenye mpira wa tairi, jiwe likiwa katikati ya pete ili lisiruke na vidole viwe mbali na nyundo, maana mchonga mwiko hukimbiza mkonowe. Aligeuza jiwe mara moja, akatazama, akaligeuza tena, kisha akagonga pigo moja tu na likafunguka pale alipotaka. Nilimsalimu, shikamoo mama, akaitika bila kuinua macho. Baadaye aliniambia kwamba kila jiwe lina mshipa wake, na ukiukosa utapiga mpaka jioni. Mbele yake kulikuwa na malundo mawili, la nusu inchi na la robo tatu, na sikuona hata kokoto moja iliyokaa kwenye lundo lisilo lake. Nilimuuliza zinakwenda wapi. Alitaja msingi wa zahanati, vyoo vya shule, nguzo za kanisa moja barabarani, nyumba za watu wawili watatu, na kila alipotaja alielekeza kwa nyundo, kushoto, kulia, ng'ambo ya barabara.

Lori dogo lilifika tukiwa bado tunazungumza. Dereva alishuka na ndoo yake ya kupimia, wakaanza kuhesabu, na kwenye ndoo mojawapo akalalamika kwamba haijajaa. Mama hakubishana. Alichota kwa viganja viwili akaongeza mpaka kokoto zikaanza kubiringika pembeni. Walipomaliza kupakia alinyanyuka, akajikung'uta, akasogea hadi dirishani.

"Baba, waambie mafundi wazioshe kwanza kabla hawajachanganya zege. Zina vumbi hizi za juu. Vumbi likibaki, saruji haishiki."